Tumbo Nililoliogopa Kuliko Kikohozi

Kama daktari amekuagiza unenepe, kila mtu atakuambia una bahati. "Yaani dawa yako ni kula tu!" Watasema hivyo wakicheka, na wewe utacheka nao, kisha utarudi nyumbani ukae mbele ya sahani kama mwanafunzi aliyekuta mtihani si ule aliousomea. Nakuandikia wewe. Wengine wanaweza kuendelea kucheka.

Kifua kikuu chenyewe sikukipigania kishujaa. Nilimeza vidonge, nikakohoa, nikaacha kukohoa. Kilichokaribia kuniangusha, na nusura kinivunjie ndoa, ni kilo nane za nyama yangu mwenyewe.

Ninafundisha historia mjini Gitega, Burundi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika makala gazetini. Mke wangu, Consolata, ni fundi cherehani sokoni. Sote wawili kwetu ni Mwakiro, mkoa wa Muyinga, lakini tulikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, ndiyo maana nyumbani kwetu tunagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kirundi.

Ugonjwa ulianza na mvua za mwezi wa kumi. Nilikohoa, nikatoka jasho, nikapungua. Nilikwenda kituo cha afya mara tatu, na mara zote tatu muuguzi aliniuliza swali lile lile.

"Unakula?"

"Nakula, asante."

"Hamu ya kula iko?"

"Iko, tunashukuru."

Nilikuwa nakula vijiko vitano kwa siku. Sikuwa nadanganya, au niseme sikujua kwamba nadanganya. Nilikuwa na adabu. Sisi tumelelewa hivi: mtu aliyefunzwa nyumbani kwao hazungumzii chakula. Ukikuta watu wanakula unasema umeshakula, hata kama mara ya mwisho ilikuwa jana. Ukiulizwa kama umeshiba, umeshiba. Kusema mbele ya mtu mwenye koti jeupe kwamba chakula hakishuki kungekuwa kama kumwambia kwamba mke wangu hajui kupika. Kwa hiyo nilishukuru, nikapewa dawa ya maji ya kikohozi, nikaenda zangu kufa kwa heshima.

Mara ya nne Consolata alikuja nami. Naye hakusema neno juu ya chakula. Amelelewa kama mimi. Alifungua mkoba, akatoa mkanda wangu wa suruali, akauweka mezani mbele ya muuguzi. Ulikuwa na matundu matano mapya, aliyoyatoboa mwenyewe kwa mkasi, moja baada ya jingine. Muuguzi, kijana anayeitwa Deo, aliyahesabu kwa kidole. Kisha akanipa kikopo cha makohozi.

Nilipimwa nikakutwa na kilo arobaini na saba. Mimi ni mrefu. Hesabu iliyobaki ifanye mwenyewe.

Matibabu yalianza mwezi wa pili. Wagonjwa wa kifua tulikaa nje, kwenye benchi lililowekwa kwenye upepo kwa faida ya wengine, na mvua zilipokuja kweli kweli tulikaa pale pale, tumejibana chini ya bati, kila mtu na barakoa yake. Jirani yangu wa benchi alikuwa Salumu, dereva wa malori yanayoingilia mpaka wa Kobero, mtu wa Muyinga mjini, ambaye ugonjwa ulikuwa umemfutia kitambi alichokijenga kwa miaka ishirini. Alikiomboleza waziwazi.

"Mwalimu, mi niko nataka tumbo langu lirudi," aliniambia. "Madamu nyumbani ananiangalia kama mgeni."

"Litarudi."

"We huna shida. We ulizaliwa bila."

Maneno hayo niliyapokea kama sifa. Namshukuru Salumu kwa jambo moja: siku za baridi alinishikia nafasi ile ya mwisho wa benchi inayopata jua saa tatu asubuhi. Wakati ule, kwangu, hiyo ilikuwa zaidi ya hotuba zote za matumaini.

Vidonge viligeuza mkojo wangu rangi ya soda ya chungwa na vikanikausha mdomo. Lakini baada ya wiki chache nilianza kusikia njaa, njaa ya mtoto, njaa isiyo na haya. Mwezi wa pili wa dawa nilipimwa, hamsini na moja. Mwezi wa tatu, hamsini na tano. Deo alizunguka na kadi yangu akiwaonyesha wenzake.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza.

Nani alikuambia kwamba kilo zinarudi kwa haki? Nilidhani zitagawanywa: kidogo mabegani, kidogo mapajani, kama mgao wa serikali yenye akili. Zilikwenda usoni na tumboni tu. Mikono ilibaki vijiti, miguu ilibaki vijiti, na katikati yake likaota tumbo la duara, gumu, lililonitangulia kila mahali. Nilifanana na kiazi ambacho watoto wamekichomeka njiti nne wakakiita ng'ombe.

Na watu wa Gitega wana macho. Wale wale ambao mwezi wa kumi na mbili walikuwa wakinong'ona kwamba nina ule ugonjwa mwingine sasa walinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mwalimu, umenawiri!"

"Bosi! Wamekupa cheo gani? Mbona hatukusikia?"

"Angalia shingo hiyo! Quand même, yaani kweli, nchi inaliwa!"

Walikuwa wanafurahi, najua. Kwetu kumwambia mtu amenenepa ni kumbariki. Lakini lazima nieleze kwa nini kila baraka ilinichoma. Kwa miaka kumi na tano nimejipatia jina dogo kwa kuandika juu ya matumbo. Tumbo la mkurugenzi, tumbo la mheshimiwa, tumbo linaloingia mkutanoni dakika moja kabla ya mwenyewe. Nilikuwa mwembamba, kwa hiyo nilikuwa msafi. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote, ukiondoa mapambo. Sasa nilijiona katika kioo cha duka la dawa nikadhani ni mtu ninayemwandika.

Na chini ya hilo kulikuwa na jingine, la zamani zaidi. Kambini, mtu mnene alikuwa na kadi mbili za mgao. Kila mtoto alilijua hilo. Hukuhitaji kumchunguza; ulimtazama tumbo ukajua kwamba mahali fulani kuna mtu anakula pungufu kwa sababu yake. Nimesoma chuo kikuu, nina shahada mbili, nafundisha vijana wachunguze vyanzo vya habari. Hata hivyo, nikilala chali nikaliona tumbo langu likipanda na kushuka chini ya shuka, mtoto wa kambini alikuwa ananiuliza nimemwibia nani.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Mwanamume wa miaka arobaini na tisa, anayekohoa, analia kwa sababu ya tumbo?

Nikaanza kumwaga uji.

Consolata aliondoka saa moja asubuhi kwenda sokoni, akiniachia chupa ya uji wa mtama, mahindi na soya, na mayai mawili ya kuchemsha. Aliamka mapema kuliko majogoo ya jirani ili kuupika. Nilisubiri hatua zake ziishe, nikatoka nyuma ya jikoni, nikaumimina kwenye mchaichai. Mayai aliyapata mbwa wa jirani, ambaye alianza kunisalimia kwa mapenzi ya kutia aibu. Mchana niliwaambia wenzangu kazini kwamba nimekula nyumbani, na jioni nilimwambia Consolata kwamba nimekula kazini. Kila mtu aliniamini. Ndiyo faida ya adabu: hakuna anayekufuatilia kwa maswali.

Nilijiambia napunguza tumbo tu, si uzito. Ni kwa sentensi za namna hiyo kwamba watu wenye shahada mbili hufa.

Mwezi wa nne wa dawa, mizani ilisema hamsini na tatu. Nikamwambia Deo mizani yao ni mbovu. Akapanda yeye mwenyewe, akashuka.

"Mizani iko sawa," alisema. "Unakula?"

"Nakula, asante."

Mvua zilikwisha. Kwetu Mwakiro walikuwa wanamalizia kahawa na kuanika maharage. Mwezi wa tano wa dawa nilipimwa hamsini, na Deo hakunionyesha kadi. Alifunga mlango.

"Mwalimu, sikiliza. Mtu akiwa kwa dawa halafu anapungua, sisi tunajua kitu kimoja. Dawa zimeshindwa."

Alinieleza kwa upole, akitazama kalamu yake. Watapima makohozi upya. Ikiwa vijidudu vimekuwa sugu, nitahamishiwa hospitali nyingine, mbali, ya watu walioshindwa na dawa za kawaida, kwa miezi mingi, bila kuishi na familia. Na Consolata naye atapimwa, kwa kuwa analala karibu nami. Barua ya uhamisho ataanza kuiandika, ili tusipoteze muda.

Hapo ningesema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, sentensi ilikuwa na maneno matatu: namwaga uji wangu. Nikamwambia asante. Hata leo nikikumbuka asante ile natamani kujipiga kofi.

Habari zilifika Mwakiro kabla sijafika nyumbani, kwa simu ya nani sijui. Kesho yake dada yangu Goreta alishuka kwenye basi na gunia la maharage mapya na kuku mzima. Goreta ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyenilea kambini mama alipofariki. Alinishika kifundo cha mkono kati ya vidole viwili, kama anayepima kuni. Kisha akamtazama Consolata, ambaye Mungu amemjalia mikono ya kutosha.

"Wifi," alisema, "nilikupa mdogo wangu mzima."

Consolata alinyamaza.

"Maharage shambani yapo. Kuku wapo. Ungesema tu, tungeleta. Wewe unanawiri, mwenzio anakauka. Anakula nini humu ndani?"

Nataka uelewe ukimya wa mke wangu. Angeweza kutaja uji, mayai, maini ya kila Jumapili, samaki. Hakutaja. Mke wa kwetu hahesabu mbele ya wifi alichompikia mume. Huko ni kumsimanga mgonjwa. Kwa hiyo alifanya kitu pekee alichoruhusiwa: alinigeukia mimi. Alingoja nifungue mdomo.

Nikatazama ukuta. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Niliisoma yote.

Asubuhi Goreta alirudi Mwakiro akiwa na hasira, na saa mbili baadaye Consolata naye alipanda basi la njia hiyo hiyo, kwenda kwa kaka yake. Mwanamke mtu mzima anapokwenda kwao na sanduku, hata majirani hawaulizi. Aliniachia karatasi mezani: "Nimekwenda kwa kaka Venansi. Uji uko kwenye chupa."

Alikuwa amepika. Ameitwa mchawi wa mume wake ndani ya nyumba yake, mume mwenyewe amesoma kalenda, na bado aliamka akapika uji.

Niliunywa wote, nimesimama, ukiniunguza ulimi. Kisha nikaenda kwa Deo nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, pamoja na mbwa.

Deo alivua barakoa, jambo ambalo kwa kazi yake si ruhusa.

"Mais, mwalimu! We uko na akili kweli? Mi silali, niko nawaza dawa zimeshindwa, niko naandika barua, kumbe ni mchaichai ndio unapata matibabu!"

Majibu ya makohozi yalikuja baada ya siku mbili: safi. Alichana barua mbele yangu, vipande vidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akasema jambo ambalo lingeniokoa miezi miwili kama lingesemwa mapema, au kama ningeuliza. "Tumbo linatanguliaga. Mwili wenye njaa unaweka akiba kati kwanza. Mikono inafuata baadaye. Ngoja."

Basi nawe ngoja. Hilo ndilo la kwanza ninalokuambia. La pili: ukiulizwa kama unakula, taja vijiko. Adabu iache nje pamoja na mwavuli. Nguo zinazokubana zifiche. Consolata hakuwahi kukata kitambaa cha suruali zangu nilipopungua, alikunja tu na kushona kwa uzi mrefu, na siku nilipozihitaji tena zilifunguka zenyewe. Wanaokuita bosi waambie mara moja, kwa tabasamu, kwamba unatokea kaburini na hicho ni kitambi cha safari. Watanyamaza, nakuhakikishia. Na mtafute mtu mmoja wa kumwambia kwamba unauogopa mwili wako. Utajiona mjinga. Mimi nilimwambia Salumu, na hakucheka, aliuliza tu kama mbwa yule bado anapata mayai. Leo nina kilo sitini na moja. Mikono imefuata kidogo. Tumbo lipo. Kuna siku tunapatana na kuna siku navaa koti.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Kwanza nilikuwa na basi la kupanda.

Nilikwenda na dawa za siku tatu kwenye karatasi. Muyinga mjini nilinunua dumu la pombe ya ndizi, maana mwenye kosa hafiki ukweni mikono mitupu, nikachukua pikipiki hadi Mwakiro. Nilipita kwanza kwa Goreta. Alikuwa anapepeta maharage uani. Nilimweleza nikiwa wima, na nilipofika kwenye mchaichai aliweka ungo chini.

"Ulimwaga?"

"Ndiyo, dada."

"Uji? Wewe? Wewe niliyekuachia sufuria ulambe kwa kidole, mimi nikanywa maji?"

Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alichukua kitenge, akajitanda, akatangulia njiani bila kunisubiri, na nikamfuata kwa Venansi kama mtoto anayepelekwa shuleni.

Venansi ni mkulima, mtu wa maneno machache na viganja vipana. Alikaa na ndugu zake wawili. Dumu liliwekwa katikati, halikufunguliwa. Consolata alikuwa mlangoni mwa jiko, nusu ndani, nusu nje. Nilisimama nikasema: mke wangu alinilisha vizuri kila siku, mimi nilikimwaga chakula chake kwa siri, kwa sababu niliona aibu kunenepa, na aliposhitakiwa nilinyamaza. Kwa Kirundi inachukua muda mrefu zaidi, na hakuna hata neno moja la kujifichia.

Goreta alisimama baada yangu. "Wifi, nimekukosea," alisema, akaketi. Kwa mtu kama Goreta hiyo ni hotuba.

Mmoja wa wale ndugu alikuwa anauma mdomo, na niliona mabega yake yakitikisika.

"Shemeji," Venansi alisema mwishowe. "Mtu mzima anaogopa tumbo lake?"

"Ndiyo, shemeji."

"Haya. Sisi hatutaki faini. Utakula hapa. Sisi tutatazama. Na macho usiyashushe."

Kwa mtu wa kwingine hiyo ni karamu. Kwetu, kula peke yako mbele ya wakwe wanaokukodolea macho ni afadhali uvuliwe nguo. Zililetwa ndizi za kupika na maharage ya mawese, mlima mzima. Nikala. Watu watano walikuwa wananitazama kila tonge, na mimi niliwatazama wao, na jasho lilinitoka kama lile la mwezi wa kumi. Nilisikia taya zangu mwenyewe.

Sahani ilipokwisha niliisukuma mbele kidogo, kama inavyopasa. "Nimeshiba. Tunashukuru."

Consolata alitoka mlangoni na sufuria. Hakuwa amenisemesha tangu Gitega. Alisimama mbele yangu, mwiko mkononi.

"Umeshiba kweli," aliuliza, "au umeshiba kwa adabu?"

Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Niliangalia ndani ya sufuria.

"Bado nina njaa," nikasema, mbele ya wakwe zangu wote.

Goreta alijifunika uso kwa kitenge. Consolata akachota.